Neno "arrive": maana yake, namna ya kulisema, na tarehe isiyopaswa kukosewa

Mtu akitoka Shasha kwenda Goma, Minova ao Bukavu, watu wa nyumbani wanamwambia "ufike muzuri". Akishapanda moto ao boti wanaongeza: "ukifika, unibipe". Kufika ni neno la kila siku kwa wakaaji wa kando ya ziwa. Tangu vita ilipofunga njia na kufanya famili nyingi kuhama, neno hilo limekuja pia kwa Kiingereza: kwenye fishi za kuandikisha wakimbizi, kwenye ujumbe wa mashirika, kwenye habari zinazopita katika simu, na kwenye barua za ndugu waliokwenda Uganda ao Marekani. Kwa Kiingereza neno hilo ni "arrive".

Wengi wanalijua kwa sababu linafanana na "arriver" ya Kifaransa, ambayo wanafunzi wa Kongo wanaifunza mapema shuleni. Kufanana huko kunasaidia, lakini kunadanganya vile vile. Makala hii inaeleza neno hilo linatoka wapi, linatumiwaje, linatofautianaje na Kifaransa na Kiswahili, na kwa nini mtu anayejibu swali la "tarehe ya kufika" mbele ya agenti anapaswa kujua kwanza anaulizwa amefika wapi.

Lilianza kwa watu wa maji

Asili ya "arrive" ni Kilatini. Kulikuwa na maneno mawili, "ad" yenye maana ya "kwa" ao "kuelekea", na "ripa" yenye maana ya ukingo wa maji. Kutoka hapo lilizaliwa neno la kusema chombo kimegusa ukingo, abiria wanaweza kushuka. Wafaransa wa zamani walilichukua, wakalifanya "ariver". Waingereza walilipata kutoka kwa Wafaransa karibu mwaka wa 1200, na mwanzoni nao walilitumia kwa kusema meli imetia nanga ao mtu ameshuka pwani. Baadaye lilitoka majini, likaanza kutumiwa kwa safari yoyote: kwa mguu, kwa farasi, kwa gari, kwa ndege.

Mkaaji wa Shasha hapati shida kuelewa maana hiyo ya kwanza. Kijiji hiki cha wilaya ya Masisi, katika usultani wa Bahunde, kiko kando ya Ziwa Kivu, kwenye barabara ya taifa namba 2 inayotoka Goma, kupita Sake na kuendelea kuelekea Minova na Bukavu. Watu wa huku wana njia mbili, ya nchi kavu na ya maji. Mwenye mtumbwi hasemi amefika wakati anaona miti ya kando. Anasema amefika wakati mtumbwi umegusa mchanga.

Namna ya kulitamka na kulitumia

Kwa kutamka, "arrive" lina silabi mbili: a-RAIV. Nguvu iko kwenye ya pili, na "e" ya mwisho haisikiki. Mtu anayelisoma kama Kifaransa, "a-riv", hataeleweka haraka na Mganda ao Mkenya anayesema Kiingereza. Kwa mambo yaliyopita ni "arrived", inasikika a-RAIVD. Jina lake ni "arrival", a-RAI-vol, yaani kufika kwenyewe. Kwenye uwanja wa ndege, ubao wenye "Arrivals" unaonyesha ndege zinazofika na upande ambao wasafiri wanatokea. Upande wa kuondoka ni "Departures".

Kosa la kwanza la watu wengi ni kuweka "to" nyuma ya neno hili, kwa kufikiri ni kama "kwenda". Kiingereza sanifu hakisemi "arrive to Goma". Kuna njia tatu za kusema:

Kwa nchi, jimbo ao muji mkubwa, ni "in". Mfano: "We arrived in Uganda", tulifika Uganda. "She arrived in Goma", alifika Goma.

Kwa mahali panapotazamwa kama alama moja ya safari, ni "at": kivuko, mpaka, hospitali, shule, kambi, uwanja wa ndege. Mfano: "They arrived at the border", walifika mpakani.

Kwa nyumbani, hapa na pale, hakuwekwi kitu katikati. "He arrived home", alifika nyumbani. "I arrived here yesterday", nilifika hapa jana.

Kijiji kama Shasha kinaweza kuchukua yote mawili. Anayesema "at Shasha" anakiona kama kituo cha njiani, na anayesema "in Shasha" anafikiri zaidi juu ya kuwa ndani yake. Tofauti hiyo ni ndogo, na Waingereza wenyewe hawaishiki sana. Msikilizaji asijenge uamuzi mkubwa juu yake.

Kuna neno lingine la jirani, "reach". Nalo ni kufika, lakini linabeba jina la mahali moja kwa moja, bila "at" wala "in": "We reached Sake", tulifika Sake. Katika Kiingereza cha Uganda na Kenya watu wengi wanasema tu "I have reached", na kila mtu anaelewa. Kwa kuandika barua ya kazi ao kujibu fishi, ni vizuri kutaja mahali: "I have reached Kampala", ao "I have arrived in Kampala".

Hapa kuna jambo moja la kuangalia kwa jina la kijiji chenyewe. Kuna Shasha ya Masisi, kando ya ziwa, na kuna Ishasha, kituo cha mpakani kati ya wilaya ya Rutshuru na Uganda, ambacho ng'ambo yake ni wilaya ya Kanungu. Majina yanatofautiana kwa herufi moja, lakini mahali ni mbali, na watu wa kutoka Kivu ya Kaskazini wanapita kote kuwili. Agenti asiyejua jimbo, akisikia "Shasha", anaweza kuandika "Ishasha", na hapo kijiji mtu alichotoka kinageuka mpaka aliopita. Mtu anayeandikishwa aseme jina lote: Shasha, wilaya ya Masisi. Kisha aombe kuona ilivyoandikwa.

Kifaransa kinapodanganya

Mwanafunzi wa Kongo anabeba "arriver" kichwani. Neno hilo la Kifaransa lina kazi nyingine tatu ambazo "arrive" ya Kiingereza haifanyi.

Ya kwanza ni kutokea. Kwa Kifaransa, ajali "inafika", jambo "linamfikia" mtu. Kiswahili kinafanya karibu vile vile: watu wanasema "yaliyomfika" kwa msiba ao shida iliyompata mtu. Lakini kwa Kiingereza, "an accident arrived" haieleweki vizuri. Wanasema "an accident happened". Vile vile, mkimbizi akiulizwa ni nini kilimpata njiani, neno la kujibu ni "happened", si "arrived". Swali lenyewe mara nyingi linakuja hivi: "What happened to you?" Mwenye kusikia "happened" na kufikiri anaulizwa juu ya kufika anaweza kujibu tarehe, wakati mtu aliye mbele yake anangoja kusikia mambo yaliyomkimbiza.

Ya pili ni kuweza. Anayesema kwa Kifaransa kwamba "hafiki" kulala anataka kusema usingizi haumjii. Kwa Kiingereza ni "I can't sleep", ao "I can't manage to sleep". Mgonjwa anayemwambia muganga wa kigeni "I don't arrive to walk" atamfanya muganga afikiri juu ya safari, na maumivu ya miguu yatabaki bila kusemwa.

Ya tatu ni ile "j'arrive" ya kila saa. Mtu anaitwa, anajibu "j'arrive", bado yuko nyumbani anatafuta viatu. Maana yake ni "ninakuja". Kwa Kiingereza mtu huyo anasema "I'm coming". Akisema "I arrive", anayemngoja atashangaa; akisema "I have arrived", atakuwa amedanganya.

"Niko nafika" si "nimefika"

Kila mtu aliyewahi kungoja moto anajua tofauti hii. Shofere anapiga simu: "Niko nafika." Mteja mwenye uzoefu anajua kwamba bado ana dakika ishirini. Akisikia "nimeisha fika", ndipo anatoka nje.

Kiingereza nacho kina ngazi hizo. "We will arrive" ni tutafika. "We are arriving" ni tuko tunafika, bado kidogo. "We have arrived" ni tumefika, tuko hapa. "We arrived" ni tulifika, na mara nyingi inafuatwa na siku ao saa: "We arrived on Monday", tulifika siku ya Kwanza.

Kwenye maji tofauti hiyo ni ya uzima na kifo. Mwezi wa Pili 2024, mapigano kati ya jeshi na M23 yalifika Shasha, na barabara ya Goma kwenda Minova ikakatika. Wasafiri, wachuuzi na mizigo ya vyakula vikahamia ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024, meli MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa watu na mizigo, ilizama karibu kabisa na kivuko cha Kituku mjini Goma, wakati ilikuwa inataka kuegesha. Watu waliokuwa kandoni waliiona ikilala upande. Makumi ya watu walikufa. Waliokuwa wanangoja ndugu zao walikuwa wanaona meli kwa macho, na kwa midomo ya wengi ilikuwa imeisha fika. Kwa maana ya kwanza ya "arrive", ile ya kugusa ukingo, ilikuwa bado.

Habari za vita nazo zinataka uangalifu huo. Ujumbe wa Kiingereza unaopita katika simu unaweza kusema wapiganaji "are approaching", yaani wanakaribia. "Have reached the outskirts", yaani wamefika kandokando ya muji. "Have arrived in", yaani wako ndani. Ao "have taken", yaani wameshika. Mtu akizitafsiri zote kwa neno moja, "bamefika", famili inaweza kubeba magodoro usiku kwa jambo lililo bado mbali, ao kubaki nyumbani kwa jambo lililo mlangoni. Mfano upo karibu. Mwezi wa Kwanza 2025, Minova ilishikwa tarehe 21, Sake siku chache nyuma yake, na usiku wa kuamkia tarehe 27 wapiganaji wakaingia Goma. Katika siku kama hizo, kati ya "wanakaribia" na "wameingia" kunaweza kuwa na saa chache tu, na mtu anazitumia kuvusha watoto na wazee.

Kwa hiyo, anayetafsiri ujumbe kwa jirani aangalie mambo matatu mbele ya kusema "bamefika": neno lenyewe la Kiingereza, jina la mahali, na saa ujumbe ulipoandikwa. Ujumbe wa asubui unaosomwa magaribi unaweza kuwa umezeeka.

Tarehe ya kufika: wapi?

Kwenye karatasi, "arrive" mara nyingi linakuja kama "date of arrival", tarehe ya kufika. Shida si neno. Shida ni kwamba mtu aliyekimbia amefika mahali pengi.

Tuchukue mfano wa kuwaza tu, wa mama mmoja wa Shasha. Tarehe 5 mwezi wa Pili 2024 anaondoka nyumbani na watoto, anafika Minova jioni. Tarehe 20 mwezi wa Tatu anapanda boti, anafika Goma. Tarehe 2 mwezi wa Sita anavuka mpaka wa Bunagana, anaingia Uganda. Tarehe 6 anaandikishwa kwenye kituo cha mpito cha Nyakabande, katika wilaya ya Kisoro. Tarehe 15 gari inamfikisha Nakivale, makazi makubwa ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, yaliyofunguliwa tangu miaka ya mwisho ya 1950.

Mama huyo ana tarehe tano, na zote ni za kweli. Akiulizwa "When did you leave home?", jibu ni tarehe 5 mwezi wa Pili. Akiulizwa "When did you arrive in Uganda?", ni tarehe 2 mwezi wa Sita. Akiulizwa "When were you registered?", ni tarehe 6. Akiulizwa "When did you arrive in Nakivale?", ni tarehe 15. Lakini akiulizwa kwa kifupi "When did you arrive?", ao mtafsiri akimwambia tu "Mama, ulifika lini?", anaweza kutaja siku aliyofika Minova, kwa sababu ndiyo siku anayoikumbuka kuliko zote: siku aliyolala mara ya kwanza kwa watu. Mwaka unaofuata, mbele ya agenti mwingine, anataja tarehe 2 mwezi wa Sita. Karatasi mbili, tarehe mbili. Hakusema uongo hata mara moja, lakini anayelinganisha karatasi hawezi kujua hilo.

Ndiyo maana jibu zuri la kwanza kwa swali hilo ni swali: kufika wapi? Kwa Kiingereza: "Arrive where?" Kuuliza hivyo si utovu wa heshima. Agenti anayefanya kazi yake vizuri atafurahi, kwa sababu fishi nyingi zina nafasi zaidi ya moja: siku ya kukimbia, siku ya kuingia nchini, siku ya kuandikishwa.

Sheria nazo zinahesabu siku kuanzia hapo. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka wa 2006 inampa mtu siku 30 za kuomba hadhi ya ukimbizi, kuanzia siku aliyoingia nchini. Neno lililotumiwa pale ni "entry", kuingia, yaani siku ya kuvuka mpaka, hata kama alilala njiani juma nzima mbele ya kufika kambini.

Kwa Marekani kuna hesabu mbili ambazo watu wanazichanganya. Mtu aliyeingia mwenyewe na kuomba ulinzi akiwa ndani ya nchi anapewa mwaka mmoja wa kuomba, unaohesabiwa kutoka tarehe yake ya kufika. Ni sheria ya mwaka wa 1996, yenye mambo machache inayosamehe. Mkimbizi aliyepelekwa na mpango wa kuhamishiwa nchi ya tatu yeye amekwisha kupewa hadhi yake mbele ya kupanda ndege. Kwake, mwaka mmoja wa kuwa ndani ya nchi ndio unaomruhusu kuomba ukaazi wa kudumu. Wanaopita kwa maofisa wa mpaka wanaandikiwa rekodi ya kuingia inayoitwa I-94, ambayo jina lake lenyewe linataja "arrival". Wakongomani wengi wamepita njia hiyo ya pili: katika mwaka wa bajeti wa 2016, zaidi ya 16,000 walipokelewa Marekani, wengi kuliko wakimbizi wa nchi nyingine yoyote mwaka huo. Aliye na ndugu kule anaweza kumwomba aangalie kama tarehe ya I-94 inalingana na ile ya karatasi zake nyingine.

Kwa wasiovuka mpaka, jambo ni lile lile kwa udogo. Kwenye orodha za wahami wa ndani, siku ya kufika inasaidia kutenganisha wapya na wa zamani. "New arrivals", neno linaloonekana mara nyingi kwenye ripoti za mashirika, maana yake ni watu waliofika hivi karibuni. Si wageni wa kutembea, na si lazima wawe wametoka nchi nyingine. Mtu aliyetoka Shasha kwenda Bweremana, katika wilaya ile ile ya Masisi, anaweza kuhesabiwa kati ya "new arrivals".

Kufika na kufikia

Kiswahili kina kitu ambacho "arrive" haina. Kwa herufi moja tu, kufika kunakuwa kufikia, na swali linageuka. "Ulifika lini?" inauliza siku. "Ulifikia kwa nani?" inauliza mlango: ni nani aliyekupokea, ulilala wapi, ulikula sahani ya nani.

Kwa wakaaji wa kando ya ziwa, swali la pili ndilo linakuja haraka. Mama akishuka na mzigo mgongoni, anayemjua anasema: "Pole, yaya. Ulifikia kwa nani?" Katika Kivu, wahami wengi hawaishi katika kambi, wanaishi katika famili za mapokezi, kwa ndugu, kwa watu wa kanisa moja, ao kwa mtu waliyejuana sokoni tu. Nyumba ya vyumba viwili inabeba watu kumi na mbili. Mwenye nyumba naye mara nyingi hana shamba la kufikika, kwa sababu ya vita hiyo hiyo.

Kiingereza hakina neno moja la kufikia. Kinasema "stay with": "Who are you staying with?" ao "Where did you stay when you arrived?" Mtu akiulizwa tu "Where did you arrive?", atataja Minova, na jambo la kwamba watu kumi na mbili wako katika vyumba viwili halitaandikwa popote. Kama hakuulizwa, anaweza kuongeza mwenyewe: "We are staying with a family. We are twelve in the house." Yaani: tunaishi kwa famili fulani, tuko watu kumi na wawili ndani ya nyumba.

Neno hilo la Kiswahili lina watoto wengine. Kufikisha ni kupeleka mtu, kitu ao ujumbe mpaka mahali pake. Kwa Kiingereza ni "deliver" kwa mzigo, "take" kwa mtu. Kufikiwa ni kupata wageni: "tumefikiwa na wageni wanane". Hapa mtangazaji ao mwandishi wa ujumbe aangalie silabi moja, kwa sababu "amefikiwa" ni kupata wageni, na "amefiwa" ni kufiliwa na mtu. Ujumbe mfupi ulioandikwa kwa haraka unaweza kupeleka kilio mahali ambapo kulikuwa na karamu.

Kuna pia "kuwasili". Ni kufika kwa lugha ya heshima, na redio inaitumia zaidi kwa wakubwa: gavana amewasili, ujumbe umewasili. Kwa Kiingereza wote "wana-arrive", gavana na mchuuzi wa ndizi.

Maana nyingine za kujua

"Arrive at a decision" ni kufikia uamuzi. Mkutano uliomalizika kwa mapatano "umefikia" mahali.

"The baby has arrived" ni mtoto amezaliwa. Ujumbe huo ukitoka kwa ndugu wa ng'ambo, usitafute mtoto huyo ametoka wapi.

"He has arrived", ikisemwa juu ya kazi ao mali, ni kusema mtu amefaulu, amekuwa mtu. Kifaransa kina maana hiyo pia.

"The time has arrived" ni wakati umefika. Kiswahili kinasema hivyo hivyo.

"On arrival" ni mara tu unapofika. Kwenye karatasi ya safari, "pay on arrival" ni kulipa ukishafika, si mbele ya kuondoka. Anayepeleka mzigo kwa boti asome maneno hayo mbele ya kutoa pesa.

Kwa ufupi, kwa anayejibu fishi

Asitaje tarehe mbele ya kuuliza "Arrive where?"

Aandike tarehe zake kwenye karatasi moja ndogo ao katika simu: ya kuondoka nyumbani, ya kila mahali alipolala kwa muda, ya kuvuka mpaka, ya kuandikishwa. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule anayemwamini.

Kama haikumbuki siku, aseme hivyo: "I don't remember the exact day." Anaweza kutaja jambo lililo karibu nayo, kwa mfano ilikuwa juma ambalo njia ya Shasha ilikatika, ao siku mbili nyuma ya kuzama kwa meli Kituku. Siku ya kukisia inayotajwa kama ya hakika ndiyo inaleta matata baadaye.

Aseme Shasha ya Masisi, si Shasha tu.

Kisha, kama kuna nafasi ya kusema zaidi, aseme pia alifikia kwa nani. Fishi nyingi hazina mstari wa jambo hilo, lakini agenti anaweza kuliandika pembeni.